Sura Moja, Maduka Matatu

Nina hasira, na nitaanza nayo, msije mkadhani bibi huyu ameketi kuwabembeleza. Juzi nilifungua simu nikatafuta asali ya Kibondo. Yakaja maduka manne ya mtandaoni. Nikafungua la kwanza nikasoma. La pili, maneno yale yale. La tatu na la nne, yale yale, hadi kosa la herufi: mtu kaandika "asali hailsi" badala ya "halisi", na hilo "hailsi" limehama duka kwa duka kama kupe kwenye ng'ombe. Picha ya mzinga ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la juu na rangi ya ukurasa. Nikauliza, nikaambiwa mwenyewe ni mmoja, msomi mzuri tu, na kwamba ndiyo ujanja wa siku hizi: fungua maduka mengi, popote mteja atakapotafuta akukute wewe.

Ujanja! Huo ujanja wenu niliuona ukizaliwa, na niliona ulichowafanyia watu. Kaeni niwaambie.

Naitwa Generoza, mzaliwa wa kijiji cha Titye, Kasulu. Nimestaafu kazi ya kutengeneza tovuti na kuzitunza. Nilianzia Kasulu mwishoni mwa miaka ya tisini, katika shirika moja la misaada ambalo sitalitaja jina. Wakati ule mji ulijaa mashirika kwa sababu ya wakimbizi, magari meupe yakipita kila dakika kuelekea kambi ya Nyarugusu na kurudi. Mimi niliajiriwa kupiga chapa. Nilikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Siku moja Bwana Faraji, mkuu wa chumba cha mawasiliano, akapita nyuma ya kiti changu, akasimama, akasema, "Dada Generoza, mbona unapoteza mikono hiyo kwenye taipu? Njoo kwangu."

Faraji alikuwa mtu wa Kasulu mjini. Baba yake aliuza vitambaa sokoni, mama yake ni wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, kimenyooka, si kama chetu sisi tunaozungumza Kiha nyumbani halafu Kiswahili tunakiburuta. Alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam na hakunificha kitu. Kila alichojua alinipa.

Nyie mnalalamika mtandao ukichelewa kidogo. Sisi tulikuwa na dishi la setilaiti nyuma ya jiko la ofisi, na ukurasa mmoja wenye picha ndogo ulipanda taratibu kama bibi anayepanda mlima wa Heru na mzigo. Wingu likitanda, kazi imesimama. Jenereta ikikohoa, kazi imepotea. Asubuhi moja mawasiliano yalikatika jua likiwaka. Faraji alikagua nyaya zote, akazima, akawasha, akapiga simu ya redio Kigoma kuuliza. Kumbe mpishi ameanika mataulo kwenye dishi. "Si ndilo linalopata jua vizuri," mpishi akajitetea. Faraji alicheka mpaka akakaa chini.

Katika shida hiyo ndimo tulimofungua duka letu la vikapu. Shirika lilikuwa na vikundi vitatu vya wanawake wasukaji: kimoja Titye kwetu, kimoja cha mama wa Kikongo kambini Nyarugusu, na kimoja Kibondo, ambacho wengi wake walikuwa wa familia zilizotoka Burundi zamani, sasa ni raia, wana mashamba na watoto shuleni. Wote walisuka vikapu vyenye mifuniko iliyochongoka, vile tunavyopelekea zawadi harusini. Ukiviweka mezani pamoja, mgeni ataona ni vitu vya namna moja. Msukaji hawezi kuvichanganya hata ukimfumba macho akagusa kwa vidole.

Duka lilikuwa moja, lenye milango mitatu ndani. Mtu akiwa Ulaya huko akiandika kwenye mtambo wa kutafutia kwamba anataka kikapu cha mkono chenye mfuniko, sisi tulikuwa ukurasa wa kwanza. Wa kwanza, jamani, kutoka Kasulu! Oda zikaja kwa barua pepe, vikapu vikasafiri kwa lori hadi Kigoma na kutoka hapo kwa treni. Faraji alinifundisha kwamba mtambo ule hauna macho, unasoma maneno. "Kwa hiyo usiuandikie maneno matamu," alisema. "Andika kitu kilichopo. Kikapu kimesukwa na nani, wapi, kwa majani gani. Mteja anayekitaka hicho ndicho atakachoandika, na mtambo utamleta kwako."

Hiyo ndiyo kazi yote. Mengine yote mnayolipia semina ni mapambo.

Sasa aje mkuu wa mradi, Bwana Elisante. Jina si lake, nimembadilisha. Hakuwa mjinga, naomba mnielewe. Alikuwa na shahada, na alijua kuongea na wafadhili kuliko mtu yeyote pale. Shida yake ilikuwa haraka. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba kila kikundi kijitegemee, naye akaona njia fupi. Akatuita.

"Nataka maduka matatu," alisema. "La Titye, la Nyarugusu, la Kibondo. Kila moja na anwani yake."

"Vizuri, mkuu," Faraji akasema. "Tutahitaji muda tukakae na kila kikundi. Maneno yao, picha zao."

"Muda wa nini? Maneno si yapo? Chukua ukurasa uliopo, nakili, badilisha jina. Nani atasoma maduka yote matatu?"

"Mtambo utasoma."

"Mtambo ni mashine, Faraji."

"Ndiyo maana utasoma yote, mkuu. Sisi binadamu ndio tunaochoka. Mtambo ukikuta kurasa tatu sura moja, utasema hii ni moja, utaonyesha moja na kuficha mbili. Na atakayefichwa hatumchagui sisi."

Bwana Elisante akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua. "Basi kama nyie mna kazi nyingi, nitawapa watu wa Dar."

Akaipa kampuni moja ya Dar es Salaam. Hatukuonyeshwa kitu mpaka maduka yalipokuwa hewani. Mimi ndiye niliyefungua kwanza. Nikafungua la Kibondo, nikamwona Mama Daforoza, mwenyekiti wa kikundi cha Kibondo, mtu mzima, ameshika sindano, kikapu mapajani, anatazama kazi yake. Picha hiyo niliipiga mwenyewe kwa ruhusa yake. Chini yake jina lake. Sawa. Nikafungua la Titye. Mama Daforoza huyo huyo, sindano ile ile. Chini wameandika: "Maria, msukaji wa Titye." Nikafungua la Nyarugusu. Mama Daforoza. "Josephine, aliyekimbia vita Kongo."

Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja.

Faraji akavuta kiti. Akabonyeza kipanya juu ya ukurasa, akakivuta hadi chini, kama mtu anayefuta meza. Pale palipokuwa peupe, chini ya picha, yakajitokeza maneno mengi, mistari kwa mistari: kikapu kikapu kikapu kikapu, kwa Kiingereza, yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe ili mteja asiyaone na mtambo uyahesabu.

"Hawa," Faraji akasema polepole, "wametuua."

Nawajua mnavyofikiri, maana vijana huja kuniuliza. "Bibi, shida si walikuwa wameyaweka maduka yote kwenye seva moja? Sisi tutaweka seva tofauti, hatutagunduliwa." Mnanikera! Maduka mia yanaweza kukaa mashine moja na hakuna atakayewagusa, kama wapangaji wa nyumba moja wenye biashara zao mbalimbali. Anayefikiria kwanza namna ya kutogunduliwa ameshajua anachofanya. Kama bidhaa ni moja na mteja ni mmoja, jenga duka moja lenye nguvu, uligawe vyumba. Kama una sababu ya kweli ya kuwa na maduka mawili au matatu, basi kila moja liwe na la kusema. Ukilazimika kurudia ukurasa, uambie mtambo wazi kwamba mama wa ukurasa huu yuko kule. Siku hizi kuna njia ya kuandika hivyo, sisi hatukuwa nayo. Unganisha duka na duka pale mteja atakapofaidika, si kuyafunga yote kamba kama mbuzi wa mnadani ili yaonekane mengi. Basi. Hakuna siri nyingine.

Turudi. Alivyosema Faraji ndivyo ilivyokuwa. Mtambo ukaonyesha duka la Titye na kuficha mengine mawili. Ukiandika "vikapu Kibondo" linakuja la Titye, na uso wa Mama Daforoza unaoitwa Maria. Oda za Kibondo zikapungua, zikakoma. Nao walikuwa wanasuka, vikapu vinapangwa hadi darini, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu.

Ndipo Bwana Elisante akasema kwenye kikao, mbele yetu, bila haya, "Kikundi cha Kibondo kimeshindwa soko. Ubora wao uko chini. Tufunge nyumba yao ya kusukia, vifaa tuvilete Titye."

Ubora! Wanawake waliowafundisha wenzao namna ya kufunga mfuniko usicheze! Faraji akaeleza, mimi nikaeleza. Akatujibu kwamba hesabu haidanganyi, oda haziji. Mtu amekufunika pipa kichwani halafu anasema huna sauti.

Tukaenda Kibondo. Gari la kugawa dawa hospitali lilikuwa na nafasi, tukapanda mimi na Faraji. Barabara ya wakati ule mnaisikia tu. Masika ilikuwa tope jekundu mlima kwa mlima, dereva anaendesha ubavu ubavu, na sehemu nyingine tulisubiri magari mengine ili tusipite peke yetu kwa kuogopa majambazi. Tukafika tumepakwa udongo hadi kwenye nyusi.

Nyumba ya wasukaji ilikuwa nyuma ya soko. Mama Daforoza alitupokea mlangoni. Nikapiga magoti kidogo, nikapiga makofi kama inavyotakiwa kwa mtu wa umri wake, "Mwakeye, mama." Akaitikia, akatukalisha, akatuletea uji wa ulezi kabla ya neno lolote. Kisha akakaa.

"Sasa semeni," alisema. "Vikapu vyetu vina kosa gani?"

"Havina kosa, mama," Faraji akasema.

"Havina kosa, na havinunuliwi. Ego, sawa. Nieleze huo uganga gani."

Faraji alikuwa amechapisha kurasa tatu na kuandika Kiswahili chake pembeni. Alizitandaza kwenye mkeka. Mama Daforoza alijua kusoma, alisoma shule ya misheni. Alisoma ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Ya pili akaisoma, akairudia. Wanawake wengine wakasogea. Mmoja akacheka, "Yewe, mama, umekuwa Maria!" Hakuna aliyecheka naye.

Akachukua ya tatu. Aliposoma habari za vita vya Kongo, alikunja midomo.

"Nilivuka mpaka nikiwa binti," alisema. "Karani wa kule mpakani aliandika jina langu alivyolisikia. Mimi nilisema hivi, yeye akaandika vile, na hilo ndilo nimekuwa mpaka leo, kwenye kila karatasi. Lakini yule karani angalau aliniuliza. Hawa hata hawakuniuliza."

Nilitaka ardhi inimeze, ingawa mkono haukuwa wangu.

Faraji akamweleza kila kitu, mtambo, kurasa zilizofanana, maneno meupe. Mama Daforoza akauliza maswali ya mtu anayefanya biashara: anayetuficha ni nani, ni mtu au mashine? Mashine. Ina hasira nasi? Haina. Itabadili mawazo? Ikikuta kitu tofauti, itabadili, lakini inachelewa kurudi kusoma.

"Basi andikeni tofauti," alisema. "Sisi na Titye tuko tofauti."

Tulikaa pale tukiandika. Hiyo ndiyo shule yangu halisi ya kazi hii, mkeka ule. Niliuliza nini kinatofautisha kikapu cha Kibondo, wakaanza kusema wote kwa pamoja. Rangi nyeusi hawanunui. Wanachemsha tope la bondeni na maua ya mgomba mpaka nyuzi zinywe weusi usiotoka hata ukifua. Mfuniko wao ni mrefu kuliko wa Titye kwa sababu bibi zao walibebea mtama wa mbegu, ukifunika, kilele cha mtama kinaingia ndani yake. Msuko wa chini huanza kwa fundo ambalo Mama Daforoza alilifundishwa na shangazi yake. Mmoja akasema yeye akisuka huwa anakasirika na mumewe, na kikapu kinatoka kimebana vizuri. "Hilo nalo uliandike," akasema. Nikaliandika. Nilipiga picha za kila mmoja, kila mmoja akasema jina lake analotaka liandikwe, na Mama Daforoza akasimama nyuma yangu kuhakikisha.

Kasulu tuliporudi, nilikwenda Titye kwa wifi zangu nikafanya vile vile, na Nyarugusu kwa akina mama wa Kikongo. Mmoja wao, alipoona picha ya "Josephine", alisema kwa Kiswahili chao, "Sasa huyu mama ni nani? Anauza bintu vyetu na sura yake?" Walikuwa wamekasirika kama sisi. Tukawa na maneno matatu tofauti kabisa, kutoka midomo mitatu tofauti, ya vikapu ambavyo mgeni angedhani ni kitu kimoja.

Bwana Elisante akakataa kuyaweka. "Kampuni imeshalipwa. Wafadhili wanakuja kukagua, sibadilishi kitu wakati huu."

Wafadhili walikuja. Alikuja mama mmoja wa Kizungu, mpole, mwenye daftari na kofia. Kikao kilikuwa ofisini Kasulu, na viongozi wa vikundi walialikwa waje kusema asante. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa, asante. Mama Daforoza alikuja kwa lori la maharage, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Zamu yake ilipofika, alisimama. Bwana Elisante ndiye alikuwa anatafsiri.

"Mimi naitwa Daforoza," alisema. "Ni msukaji wa Kibondo. Kwenye mashine yenu sura yangu imeitwa Maria wa Titye na Josephine wa Kongo. Mimi si Maria. Mimi si Josephine. Na duka letu la Kibondo limefichwa kwa sababu mmelifananisha na mengine, halafu mnasema tunasuka vibaya. Nataka nyumba yetu isifungwe, na nataka kurudishiwa uso wangu."

Bwana Elisante akamgeukia mgeni, akasema kwa Kiingereza laini, "Anasema anafurahi sana kwa msaada wenu, na kwamba maisha yao yamebadilika."

Mgeni akatabasamu, akaandika.

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni kuandika muhtasari. Nilikuwa na watoto wawili na mshahara huo ndio uliokuwa unawasomesha. Nilisimama. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hajasema hivyo," nikasema kwa Kiingereza. Nikasema alichosema, neno kwa neno, na la uso nikalirudia mara mbili kwa sababu sikuwa na hakika na Kiingereza changu. Faraji akageuza skrini ya kompyuta kuelekea mezani, akafungua kurasa tatu, moja baada ya nyingine, kisha akavuta kipanya na yale maneno meupe yakajitokeza.

Mgeni alitazama skrini, akamtazama Mama Daforoza, akatazama skrini. Alifunga daftari. Alisema kurasa zitolewe, zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Tukazibadilisha. Nyie mtadhani hapo ndipo mambo yalipokaa sawa. Sikilizeni.

Yale maneno meupe yalikuwa yameshaonekana na mtambo. Tulipoweka kurasa mpya, maduka yote matatu, hata la Titye lililokuwa linaonekana, yakatoweka. Yote! Ukitafuta huoni kitu. Tuliwaandikia wenye mtambo kueleza, Faraji akaandika kwa adabu zote, hatukujibiwa. Siku hizo mtambo ulirudi kusoma ulipotaka, na uliyemdanganya mara moja hakukimbilii. Kuvunja kuliichukua kampuni ya Dar mchana mmoja. Kurekebisha kulikula msimu mzima na mwingine.

Na nyumba ya Kibondo ikafungwa. Ndiyo, mmesikia. Mgeni aliondoka, bajeti ikaja, na kwenye bajeti hakukuwa na oda za Kibondo, kwa hiyo hakukuwa na nyumba. Bwana Elisante alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, akafanyiwa sherehe, soda na pilau. Mkataba wa Faraji haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa. Alirudi dukani kwa baba yake kupima vitambaa, mtu aliyeweza kufundisha nchi nzima. Mimi nilibaki, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuwasha zile kompyuta. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sijaona sababu ya kuiacha.

Wanawake wa Kibondo wakatawanyika. Wengine walirudi mashambani, mmoja akafungua genge la nyanya, wawili wakaolewa mbali. Mama Daforoza alisukia uani kwake, akauza vikapu sokoni kwa watu waliovitaka vya kubebea maharage.

Kisha, siku ya kawaida kabisa, nikafungua barua pepe nikakuta oda. Mteja alikuwa na duka lake Ulaya. Aliandika kwamba alitafuta kikapu cheusi kilichotiwa rangi kwa tope, akaletewa ukurasa wetu wa Kibondo, ukurasa wa kwanza. Mtambo ulikuwa umerudi kusoma, na katika dunia nzima hakukuwa na mwingine aliyeandika habari za tope la bondeni na maua ya mgomba. Alitaka vikapu vingi, vya kujaza duka zima.

Mkuu mpya wa mradi alifurahi. "Kibondo hakuna watu," akasema. "Chukua vya Titye, bandika lebo ya Kibondo. Vinafanana."

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda lori kwenda Kibondo. Nilimkuta Mama Daforoza uani anapepeta maharage. Nikamsomea barua. Nikamwambia na alichosema mkuu.

Aliweka ungo chini.

"Andika," alisema. Nikatoa kalamu. "Mwambie tuko wanne sasa. Tulikuwa wengi. Vikapu anavyotaka hatuwezi kuvimaliza haraka. Akitaka kusubiri, asubiri, tutamsukia. Akiwa na haraka, Titye wana duka lao, vikapu vyao ni vizuri, mfuniko wao ni mfupi na weusi wao si wa tope. Mpe anwani yao. Lakini asiuziwe vya Titye kwa jina letu."

"Mama, anaweza kwenda Titye moja kwa moja asirudi."

"Aende. Titye nao si wana watoto?"

Niliandika hivyo hivyo. Mkuu alipoona nilichotuma, aliniita akanigombeza, akasema nimemfukuza mteja. Nilisimama nikasikiliza. Jibu likaja baada ya wiki: nusu ya oda amechukua Titye, kwa jina lao, na nusu nyingine atasubiri ya Kibondo hata kama ni mwaka. Toka hapo maduka yale mawili hayakuwahi kunyang'anyana mteja. Kila moja lilimwelekeza mtu kwa mwenzake lilipokosa, na yote mawili yakakaa juu, miaka, yakiwa kwenye seva ile ile moja.

Nilirudi Kibondo kumpa habari. Nilidhani atapiga vigelegele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wale walioondoka nitawarudisha na nini, Generoza? Yule wa nyanya amezoea nyanya. Wale walioolewa nitawafuata kwa waume zao?"

Mtambo ulikuwa umerudi, wao hawakurudi.

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akachukua mundu ukutani. Akachukua na wa pili, akanipa mimi, karani wa ofisi na viatu vyangu vya kisigino. Tukashuka bondeni kukata majani ya kusukia.